Picha ya Tai na Mtoto wa Swala

(Mazungumzo kwa vijana na wazazi wao, Jeddah, mkesha wa sherehe ya Uhuru)



Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya wanyamapori wa kwetu, kwa kuwa kabla ya kuja huku niliendesha magari ya watalii kutoka Arusha kwa miaka tisa. Nadhani alitaka simba. Simba mmeshawaona wa kutosha kwenye simu zenu. Mimi nataka kusema juu ya picha za aina moja tu, zile ambazo ndege na mnyama wamekutana, mmoja anataka kula au anataka kuokoka, na mtu mwenye kamera yuko karibu.

Mwaka 2015 Mwingereza mmoja, Martin Le-May, alikuwa akitembea na mkewe kwenye bustani ya Hornchurch, mashariki mwa London. Akamwona kigogota, yule ndege anayetoboa miti, anaruka huku kicheche mdogo amemng'ang'ania mgongoni. Kicheche alikuwa anataka kumuua. Bwana yule akabonyeza kamera. Picha ikazunguka dunia, na wengi wakadai imetengenezwa. Haikutengenezwa. Lakini mimi kilichonigusa ni maneno aliyoyasema mwenyewe baadaye, kwamba wale wawili walipotua, huenda kuwapo kwa watu pale ndiko kulikomshtua kicheche, na kigogota akapata nafasi ya kuruka zake. Kwa hiyo hata mtu aliyesimama tu anaweza kuwa ameingia ndani ya jambo.

Sasa nisikilizeni. Hili sijawahi kulisema mbele ya watu.

Ilikuwa asubuhi, karibu na Seronera, Serengeti. Tulimwona swala tomi akizunguka mahali pamoja kwenye majani mafupi, anakwenda mbele, anarudi, anainamisha pembe. Nikachukua darubini. Chini kulikuwa na mtoto wake, wa siku chache tu, na hatua kama tano kutoka pale ametua tai mkubwa wa kifua cheupe chenye madoa. Kila tai aliposogea, mama alimkimbilia, tai akaruka kidogo na kutua upande wa pili. Tulikaa tukitazama, sijui dakika ngapi. Mama alikuwa anashinda.

Mgeni wangu alikuwa na lenzi ndefu kama mkono, lakini akasema tuko mbali na jua liko upande mbaya. Akaniomba nisogee. Pale sheria ya hifadhi hairuhusu gari kuacha barabara, na mimi niliijua kuliko yeye. Nikatazama nyuma, hakuna gari la askari. Nikaingia kwenye majani.

Mama akasikia injini, akakimbia. Tai hakukimbia.

Mgeni alipata picha yake. Ilikuwa safi, mabawa yamefunguka, jua limekaa vizuri, na wenzake walimpongeza sana. Bakshishi niliyopewa siku ile nilinunulia sare za shule za wadogo zangu wawili. Ukiitazama picha ile utasema hivi ndivyo pori lilivyo, mkubwa humla mdogo. Gari langu halionekani mle ndani. Na hakuna aliyeuliza lilikuwa wapi.

Mtu atasema tai naye ana makinda. Ni kweli, na kama angempata bila mimi nisingekuwa na la kusema.

Ndiyo maana nawaambia, kabla ya kujifunza kubonyeza, jifunzeni kumjua mnyama. Mchukueni yule ndege mdogo anayekaa mgongoni kwa nyati na kifaru. Kwa Kiswahili tunamwita askari wa kifaru, na wako waliodhani ni jina la mzaha. Mwaka 2020 watafiti waliofanya kazi na vifaru weusi Afrika Kusini walitoa matokeo yao. Kifaru asiye na ndege hao, alipomgundua mtu anayemkaribia, alimgundua kwa wastani akiwa mita 27. Mwenye ndege alimgundua mtu akiwa mita 61. Wazee wetu walikuwa wameshaliweka kwenye jina. Ila askari huyo huyo hudonoa vidonda na kunywa damu. Sasa ukimpiga picha amechovya mdomo kwenye kidonda, utaandika nini chini yake, rafiki au mwizi? Mimi ningeandika alichokuwa anafanya saa ile, basi.

Serengeti ni mbali, najua, na tikiti ni ghali. Lakini mnao kunguru. Huyu wa hapa Jeddah mwenye shingo ya kijivu ndiye yule yule wa Dar es Salaam na Zanzibar. Zanzibar aliletwa miaka ya 1890 ale takataka, na mnajua mwisho wake, akala na vifaranga vya bibi zenu. Mtazameni na paka wa uchochoroni. Huja wawili. Mmoja anasimama mbele kumshughulisha paka, mwenzake anatokea nyuma anavuta mkia. Kabla ya kushuka hupiga kelele kwa namna yake. Ukiisikia, weka simu kwenye kupiga mfululizo, jua likiwa mgongoni kwako. Mwenye kamera aweke sehemu ya elfu mbili ya sekunde, bawa halitakuwa ukungu. Simu zisielekezwe kwenye madirisha ya watu, wala bandarini, wala kwa polisi. Hilo wazazi wenu hawalali kwa ajili yake.

Wiki iliyopita niliwaona vijana wetu watatu, siwataji, na wao wananiona sasa hivi. Walimwekea paka mwenye watoto ngozi za kuku katikati ya njia ili kunguru wamvamie, huku wanarekodi. Kitoto kimoja kilidonolewa jicho. Nilisimama pale nikataka kuwafokea, nikakumbuka majani ya Seronera, nikakosa sauti.

Ijumaa hii baada ya swala ya alfajiri nitakuwa juu ya paa la nyumba yetu, kabla jua halijawa kali. Atakayetaka aje na simu yake na maji ya kunywa. Ngozi za kuku aziache nyumbani. Na nyinyi watatu, njooni mapema kuliko wenzenu, kitoto kile kiko kwangu na kinahitaji dawa mara mbili kwa siku.