Motokaa ya Kiitalia Iliyokwisha Tumika: Namna ya Kuinunua na Kuifurahia

 Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo liwasumbualo watu wengi wenye fedha kidogo na hamu kubwa, nalo ni kununua motokaa iliyokwisha tumika. Hatuwezi kuzitaja motokaa zote, maana habari hiyo haina mwisho. Tumechagua moja tu, motokaa ya Kiitalia, nzuri ya kutazamwa, nyepesi barabarani, na ambayo bei yake ni ndogo kuliko watu wadhanivyo. Twataka kueleza kwa nini bei yake ilishuka hivyo, na namna mtu mwangalifu awezavyo kuinunua asije akajuta.

Kwanza tueleze ni motokaa ya namna gani. Kwa muda mrefu Waitalia wameunda motokaa ambazo kwa umbo ni za jamaa, zenye milango minne, viti vya watu watano na mahali pa mizigo, lakini kwa injini na usukani zina damu ya mashindano. Kampuni iliyopata sifa kubwa kwa kazi hiyo ni Alfa Romeo ya Milano. Ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la A.L.F.A.; mwaka 1915 ikaingia mikononi mwa Nicola Romeo, na baada ya vita jina lake likaunganishwa na la kwanza. Hata leo alama yake ni msalaba mwekundu wa mji wa Milano, na kando yake nyoka wa ukoo wa Visconti, waliokuwa watawala wa mji huo zamani. Katika miaka ya 1950 na 1951 motokaa zake ziliwapa ubingwa wa dunia Giuseppe Farina na Juan Manuel Fangio. Tena mwaka uo huo wa 1950 kampuni ilitoa motokaa ya milango minne iitwayo 1900, ikaitangaza kuwa ni gari la jamaa lishindalo mashindano.

Katika uzao huo mrefu, tutakayoizungumza leo ni Alfa Romeo 156. Ilitolewa mwaka 1997. Umbo lake lilichorwa chini ya uongozi wa Walter de Silva, nayo ikaundwa katika kiwanda cha Pomigliano d'Arco, karibu na Napoli. Mwaka 1998 ilichaguliwa kuwa Motokaa ya Mwaka ya Ulaya. Mtu akiitazama kwa ubavu aweza kudhani kwamba ina milango miwili tu, kwa kuwa vishikio vya milango ya nyuma vimefichwa pembeni mwa vioo. Mbele ina tundu la umbo la ngao lishukalo chini sana, hata kibao cha namba hakikupata nafasi katikati, kikawekwa upande mmoja.

Injini zake ni za namna nyingi. Nyingi ni za petroli zenye silinda nne, na kila silinda ina plagi mbili badala ya moja, hivyo plagi zote ni nane. Ile ya lita mbili hapo mwanzo ilikuwa na nguvu za farasi 155. Iko na injini kubwa zaidi ya silinda sita, lita mbili na nusu, yenye nguvu za farasi 190. Hiyo yatokana na kazi ya mhandisi Giuseppe Busso, ambaye injini yake ya kwanza ya ukoo huo ilitoka mwaka 1979. Tena 156 ndiyo motokaa ya kwanza ya abiria kuuzwa na injini ya dizeli ya namna mpya, ambayo mafuta hukaa katika bomba moja la shinikizo kubwa kabla ya kugawanywa kwa silinda zote. Leo karibu kila motokaa ya dizeli hufuata njia hiyo.

Basi mtu atauliza: kama motokaa hii ina sifa hizo zote, mbona thamani yake ilianguka? Katika Uingereza, yenye injini ya lita mbili ilikuwa ikiuzwa karibu pauni 20,000 ilipokuwa mpya. Lakini katika miaka ya 2010 watu walizipata nyingi kwa chini ya pauni 1,000. Sababu zake ni mbili.

Sababu ya kwanza ni hofu ya zamani. Kiwanda kile kile cha Pomigliano d'Arco kilianza mwaka 1972 kwa kuunda motokaa ndogo iitwayo Alfasud, ambayo ilipendeza sana barabarani lakini ililiwa na kutu upesi. Walioziona zikioza hawakusahau, wakawahadithia watoto wao. Wahenga walisema, mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hofu hiyo ilishusha bei hata ya motokaa zilizo nzima, na hiyo ndiyo bahati ya mnunuzi.

Sababu ya pili ni ya kweli, nayo si bahati ya mtu ye yote. Ndani ya injini mna mkanda wa mpira wenye meno, uitwao mkanda wa taimingi, ambao huongoza vali za juu zifunguke na kufunga kwa kufuatana na mwendo wa pistoni. Mkanda huo ukikatika, pistoni hugonga vali, na kufumba na kufumbua injini yote imekuwa chuma kibovu. Hapo kwanza kiwanda kiliandika kwamba mkanda wa injini za plagi mbili ubadilishwe kila baada ya kilomita 120,000. Baadaye, mikanda mingi ilipokatika mapema, muda ulipunguzwa hadi kilomita 60,000. Lakini kitabu cha zamani kilibaki ndani ya gari na hesabu yake ya zamani, na wenye magari wengi wakaendelea kukisadiki. Ndiyo maana mnunuzi akiambiwa, "Mkanda huu bado una muda wake," hapana budi aulize ni muda wa hesabu ipi, ya kwanza au ya pili.

Sasa tuje kwenye kununua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwenye kuuza ndiye aliyekilalia. Lakini kunguni wengi waweza kuonekana, mtu akijua pa kutazama.

Jambo la kwanza ni karatasi. Takeni kitabu cha matengenezo na stakabadhi za mafundi, msome tarehe na kilomita za kila kazi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika Uingereza motokaa iliyotimiza miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na mtu ye yote akiwa na namba ya gari aweza kusoma katika intaneti matokeo ya ukaguzi pamoja na kilomita au maili zilizoandikwa siku ile. Katika Italia ukaguzi wa kwanza ni baada ya miaka minne, kisha kila miaka miwili. Ikiwa hesabu ya mwendo inarudi nyuma kutoka ukaguzi mmoja hata mwingine, msiendelee na mazungumzo.

Jambo la pili ni kuiwasha injini ikiwa baridi. Mwombeni mwenye kuuza asiiwashe kabla hamjafika, nanyi mguse boneti kwa mkono mpate kuhakikisha. Injini ya plagi mbili ikitoa mlio wa kugongagonga kama dizeli iwashwapo, huenda kifaa kirekebishacho nyakati za vali kimechoka. Kifaa hicho hubadilishwa pamoja na mkanda, na pampu ya maji vile vile, maana kazi ya kufungua ni moja. Anayebadilisha mkanda peke yake hulipa fundi mara mbili. Vuteni pia kijiti cha kupimia oili. Injini hizi hunywa oili kidogo kidogo hata zikiwa nzima, na kijiti kikavu ni ushahidi kwamba mwenyewe hakuwa na desturi ya kutazama.

Jambo la tatu ni kuinama. Tazameni chini ya sakafu kwa taa, maana kutu ya 156 hujificha huko wakati rangi ya juu ingali inang'aa. Kisha iendesheni polepole katika njia mbovu. Mkisikia mlio wa kukwaruza mbele, kama kitanda kikuukuu, huenda ni mikono ya juu ishikayo magurudumu. Hiyo huchakaa mara nyingi, nayo hubadilika bila shida kubwa. Lakini kama motokaa ni ya namna isiyo na klachi ya mguu, iitwayo Selespeed, heri mtu mwenye fedha kidogo aiache, kwa sababu mitambo yake ya kubadili gia ikiharibika gharama yake ni kubwa, na mafundi waijuao vema ni wachache.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna motokaa mbili za namna moja. Ya kwanza yauzwa pauni 1,500. Rangi yake ni nyekundu kama damu, imepakwa nta, viti vyake ni vya ngozi, lakini kitabu chake kimepotea. Ya pili yauzwa pauni 2,000. Ina mikwaruzo mlangoni, lakini ina bahasha ya stakabadhi za miaka kumi, na mkanda, pampu na kifaa cha vali vilibadilishwa mwaka jana. Mnunuzi mwenye haraka atachukua ile ya kwanza, akijisifu kwamba amebakiwa na pauni 500. Lakini kwa kuwa haijui habari yake, yampasa abadilishe mkanda na vifaa vyake mara moja, na pauni zile 500 zaweza kwisha siku hiyo hiyo, kabla hajagusa breki wala matairi. Asipobadilisha, atakuwa akiendesha huku akingoja mshindo. Mikwaruzo ya mlango haijapata kumwacha mtu njiani usiku.

Kwa hiyo twashauri hivi: mtu asitumie fedha zake zote kwa kununua. Aweke kando sehemu, walau robo, kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Asiyeweza kuweka chochote kando bado hajapata bei ya motokaa hiyo, hata kama zile anazoombwa na mwenye kuuza anazo mfukoni. Tena, kabla ya kununua, atafute fundi aijuaye motokaa ya Kiitalia, si fundi yeyote tu.

Baada ya kununua, kazi za kila siku ni chache. Oili itazamwe kila juma. Injini iendeshwe taratibu mpaka ipate moto. Mlio mpya usikilizwe siku unapoanza, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndipo huja furaha, ambayo ndiyo sababu ya taabu zote hizo. Kutoka Bologna kwenda Firenze iko barabara kuu pana yenye mashimo mengi ya kupenya milima, lakini iko pia njia ya zamani ipandayo mlima wa Futa mpaka kimo cha mita 903. Njia hiyo ndiyo iliyopitwa na mashindano ya Mille Miglia, yaliyoanza mwaka 1927 na kukomeshwa mwaka 1957. Katika njia kama hiyo 156 huonyesha asili yake. Usukani wake ni mwepesi kutii. Mizunguko miwili na kidogo tu yatosha kupeleka magurudumu kutoka upande mmoja hata wa pili. Dereva hukata kona kwa kugeuza viganja, bila kuvukisha mikono. Na ikiwa injini ni ile ya Busso, sauti yake ipandapo mlima ni ya kupendeza hata abiria hunyamaza wasikilize. Injini ya mwisho ya ukoo huo ilitoka kiwandani mwisho wa mwaka 2005, na Busso mwenyewe akafa siku chache baadaye, mwanzoni mwa Januari 2006.

Furaha hiyo haidai mbio za hatari. Sheria ya Italia hairuhusu kupita kilomita 90 kwa saa katika njia kama ile ya Futa, na kona zenyewe zadai kidogo kuliko hapo. Motokaa nzuri humfurahisha dereva hata kwa kilomita 60, kwa kuwa humjibu kila amwombapo. Watu wanne wakaa ndani yake, na mizigo yao nyuma, nao wafika wakiwa salama.

Labda msikilizaji wa Nairobi atasema kwamba habari hizi hazimhusu, kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuleta kutoka nje motokaa iliyotumika iliyopita umri wa miaka minane, na 156 imekwisha pita zamani. Ni kweli. Lakini wako ndugu zetu waishio Uingereza ambao waweza kuziona zikiuzwa. Na huku kwetu, motokaa nyingi hutufikia kutoka Japani zikiwa zimekwisha tumika, nazo pia zina mikanda, oili na sakafu. Hata anunuaye cherehani au mashini ya kusaga mahindi kwa mtu mwingine, na aulize kwanza: ilitunzwa na nani, na karatasi zake ziko wapi?