Kamera Peke Yake Hailindi Mahakama



Mahakama ni miongoni mwa majengo ya dola ambayo mwananchi huyaingia huku moyo ukimdunda. Yupo anayekuja kudai shamba alilodhulumiwa. Yupo mjane anayefuatilia mirathi. Yupo kijana aliyeletwa kutoka rumande. Na yupo shahidi ambaye hana ugomvi na mtu yeyote, ila alipata kuona jambo na sasa ameitwa alieleze. Wote hao hukaa chini ya paa moja pamoja na wapinzani wao, na hukumu inapotolewa mmoja hushinda na mwingine hushindwa. Kwa sababu hiyo usalama wa mahakama hauwezi kuhesabiwa kuwa pambo la jengo. Hakimu mwenye hofu hawezi kuamua sawasawa, na shahidi mwenye hofu hawezi kusema kweli.

Siku hizi suala hili linapozungumzwa, jibu linalotangulia ni mitambo: kamera ukutani, milango inayotambua vyuma, mashine za kukagua mizigo, na televisheni zinazomwunganisha mahabusu aliye gerezani na hakimu aliye kitini. Mitambo hiyo inahitajika, na nchi inayoweza kuipata haina sababu ya kuikataa. Lakini yapo mafunzo ya miaka ya karibuni yanayoonyesha wazi kwamba mtambo hufanya kazi kwa kadiri ya uangalifu wa mtu aliyekabidhiwa. Mifano mitatu yatosha kulieleza jambo hili: mmoja wa jirani na miwili ya mbali.

Mfano wa kwanza ni wa Nairobi. Tarehe 13 Juni 2024, katika mahakama ya Makadara, Hakimu Mkuu Monica Kivuti alimfutia dhamana mshtakiwa mmoja aliyekuwa ameruka masharti yake. Mara baada ya uamuzi huo alipigwa risasi, na baadaye akafariki dunia kwa majeraha. Aliyempiga hakuwa jambazi aliyeruka ukuta usiku. Alikuwa ofisa wa polisi, mume wa mshtakiwa, naye aliuawa papo hapo na askari waliokuwa zamu. Kikao chenyewe kilikuwa kikifanyika katika kibanda cha muda, kwa kuwa vyumba havikutosha.

Hapana budi kulitazama tukio hilo kwa makini. Hata kama lango la Makadara lingekuwa na mashine bora kuliko zote duniani, mashine hiyo isingefaa kitu iwapo desturi ingekuwa kwamba mtu wa dola hapekuliwi. Kasoro ilikuwa katika dhana kuwa cheo ni kibali. Baada ya msiba huo uongozi wa Mahakama ya Kenya ulitangaza kusimamisha vikao katika mahema na vibanda vya muda, na kutaka kila aingiaye akaguliwe, askari wakiwamo. Uamuzi wa namna hiyo hauhitaji fedha nyingi za kigeni. Unahitaji ujasiri wa mlinzi wa lango kumwambia mkubwa wake, kwa adabu, asimame akaguliwe.

Mfano wa pili unatoka Marekani, nchi isiyo na upungufu wa mitambo. Tarehe 11 Machi 2005, katika mahakama ya wilaya ya Fulton mjini Atlanta, mahabusu mmoja mwenye nguvu na umri wa miaka 33 alikuwa akisindikizwa kwenda kusikiliza kesi yake. Aliyemsindikiza alikuwa askari mmoja tu, mwanamke wa miaka 51. Mahabusu alimshambulia, akamnyang'anya funguo, akatwaa bastola, akaenda hadi chumba cha mahakama na kumuua Jaji Rowland Barnes akiwa kitini, pamoja na mwandishi wa kumbukumbu za kesi. Alipokuwa akikimbia alimuua askari mwingine nje ya jengo, na baadaye ofisa mmoja wa serikali ambaye hakuwa hata kazini. Watu 4 walipotea.

La kusikitisha zaidi ni hili: kamera ilikuwapo. Iliona shambulio lile la kwanza na kulipeleka kwenye chumba cha ulinzi kama ilivyopaswa. Hakuna aliyeliona, kwa maana hakuna aliyekuwa akikitazama kioo wakati ule. Tena, siku 2 kabla yake, mahabusu huyo alikuwa amekutwa na vipande vya chuma alivyovificha katika viatu, na jaji alikuwa ameshapewa habari hiyo. Kwa hiyo onyo lilikuwapo, kamera ilikuwapo, na askari walikuwapo katika jengo. Kilichokosekana ni mtu wa kuyaunganisha mambo hayo matatu na kusema kwamba leo mahabusu huyu asisindikizwe na mtu mmoja.

Ndugu watumishi na walimu, mifano hiyo miwili inahusu video itumikayo kulinda. Upande wa pili wa suala hili ni video itumikayo kusikiliza mashauri, na pande hizo mbili zina uhusiano wa karibu kuliko inavyodhaniwa. Shambulio la Atlanta lilitokea wakati mahabusu anahamishwa kutoka mahali hadi mahali. Ikiwa shauri linatajwa tu na kuahirishwa, kumtoa mtu gerezani kwa karandinga, kumpitisha barabarani na koridoni, kisha kumrudisha jioni ileile, ni kuongeza hatari na gharama bila faida. Televisheni inaweza kuimaliza kazi hiyo kwa dakika chache.

Tanzania imekwisha kuingia katika njia hiyo. Kanuni za mwaka 2021 ziliweka utaratibu wa kusikiliza mashauri kwa njia ya mtandao na kuyarekodi kielektroniki. Mwaka huohuo sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na mwezi Oktoba Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mjini Dodoma Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki 6: vya Dodoma, Arusha, Morogoro na Mwanza, na viwili vya Dar es Salaam, yaani Kinondoni na Temeke. Katika majengo hayo mahakama za ngazi mbalimbali na wadau wa haki wamewekwa pamoja, ili mwananchi asizunguke mji mzima akitafuta mlango unaomhusu.

Faida zake haziko mbali na watumishi na walimu. Daktari aliyeko Dar es Salaam anaweza kutoa ushahidi katika shauri la Kigoma bila kuwaacha wagonjwa wake kwa siku kadhaa. Mwalimu aliyeitwa kuwa shahidi anaweza kurudi darasani siku ileile. Na lipo jambo zito zaidi linalowahusu walimu: mtoto aliyetendewa uovu. Kumsimamisha mwanafunzi wa miaka 9 mbele ya mtu aliyemdhuru, kisha kumtaka aeleze kwa sauti yaliyompata, ni kumwadhibu mara ya pili. Uingereza ilitambua hivyo, na kwa sheria ya mwaka 1988 ikaruhusu watoto kutoa ushahidi kwa televisheni kutoka chumba kingine, huku maswali ya pande zote mbili yakiendelea kuulizwa. Hapo video imemlinda shahidi bila kumnyima mshtakiwa nafasi ya kujitetea. Matumizi ya namna hiyo ndiyo yanayostahili kuigwa.

Lakini kila dawa ina kipimo chake, na huu ndio mfano wa tatu. Mwaka 1999 wilaya ya Cook, ambamo umo mji wa Chicago, ilianza kusikiliza masuala ya dhamana kwa televisheni katika makosa mengi makubwa. Nia ilikuwa njema: kuokoa muda, fedha na misafara ya mahabusu. Wasomi walipozichambua kumbukumbu za kabla na baada ya mabadiliko hayo, katika utafiti uliotolewa mwaka 2010, waliona kwamba kiwango cha dhamana kwa makosa yaliyohamishiwa kwenye televisheni kilipanda kwa wastani wa asilimia 51. Kwa makosa ambayo washtakiwa waliendelea kuletwa mbele ya jaji, hapakuwa na badiliko la maana. Sheria ilikuwa ileile na mahakama ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba jaji hakuwa tena na mtu mbele yake, bali sura ndani ya kioo. Mwishoni mwa mwaka 2008 wilaya hiyo iliurudia utaratibu wa zamani.

Sababu zake hazihitaji elimu ya juu kuzielewa. Mtu aliyesimama kizimbani huonekana mzima: jinsi anavyotetemeka, jinsi anavyomtazama mama yake aliyeketi nyuma, jinsi anavyomnong'oneza wakili wake. Katika kioo hubakia uso mdogo na sauti inayokatika. Wakili akiwa mahakamani na mteja wake akiwa gerezani, wawili hao hawawezi kushauriana kwa siri mpaka utengenezwe utaratibu maalumu. Na mtu ambaye hakupata kuzungumza na chombo cha namna ile maishani mwake hujibu kwa kigugumizi, kisha kigugumizi chake huchukuliwa kuwa ni hila. Mkulima asiyejua kusoma atakuwa wa kwanza kuumia, ilhali Katiba ya nchi, katika ibara ya 13, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria.

Kwa hiyo yafaa kutofautisha. Shauri linalotajwa tu, tarehe inayopangwa, ushahidi wa mtaalamu wa mbali, au ushahidi wa mtoto, ni mambo ambayo televisheni inayafaa sana. Lakini pale uhuru wa mtu unapopimwa, yaani dhamana inapobishaniwa, mashahidi wakuu wanapohojiwa, au adhabu inaposomwa, mshtakiwa anayetaka kusimama mbele ya hakimu wake asilazimishwe kusimama mbele ya kioo kwa sababu tu kioo ni nafuu. Mahakama iliyo salama kuliko zote ni ile isiyo na mtu ndani yake, lakini hiyo si mahakama tena. Wananchi nao wana haki ya kuingia, kuketi na kuona jinsi haki inavyotolewa kwa jina lao. Shauri likisikilizwa kwa njia ya mtandao, mlango huo wa umma lazima ubakie wazi kwa njia nyingine.

Ibara ya 107A ya Katiba inaitaka mahakama isicheleweshe haki bila sababu za msingi, na mitambo inasaidia sana kuitimiza amri hiyo. Hata hivyo, ibara ya 13 inataka kila mtu asikilizwe kwa ukamilifu. Amri hizo mbili zimo katika Katiba moja, na haipasi kuivunja moja kwa kisingizio cha kuitii nyingine.

Katika kazi hii watumishi wa umma wana wajibu mkubwa kuliko wanavyodhani. Ofisa ugavi anayenunua kamera 20 asitosheke na hati ya mapokezi. Aulize nani atakaa mbele ya vioo, kwa zamu za saa ngapi, na akiona hatari atampigia nani simu. Ofisa mipango anayetenga fedha za mashine ya ukaguzi atenge pia fedha za vipuri, za mafunzo, na za umeme wa akiba, kwa kuwa kununua ni kazi ya siku moja na kutunza ni kazi ya kila siku. Mtunza kumbukumbu akumbuke kwamba picha za watu waliofika mahakamani si mali ya kuchezea wala kurushiana katika simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na uso wa mjane anayedai mirathi ni taarifa binafsi.

Walimu nao wana sehemu yao. Raia anayeelewa kwa nini anakaguliwa langoni hamtukani mlinzi, na raia anayeijua haki yake haogopi kuomba kusikilizwa ana kwa ana. Maarifa hayo hayapatikani kutoka katika mtambo wowote. Hupatikana darasani, katika somo la uraia, na katika mfano wa mwalimu mwenyewe anapoitwa mahakamani akaenda, akasimama, akasema aliyoyaona.

Viongozi wa Chama na Serikali, kwa upande wao, waanzie langoni. Mkuu anayefika mahakamani kwa shughuli ya kiserikali na kukubali kukaguliwa kama mkulima aliyemtangulia, amefanya kazi ambayo mashine ya mamilioni haiwezi kuifanya. Amemfundisha mlinzi kwamba amri ni ya wote. Na siku atakapofika mtu mwenye cheo na silaha na hasira moyoni, mlinzi yule atakuwa amekwisha kuzoea kusema: simama, ukaguliwe.