Utabiri wa Tufani si Ramli



Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliikumba Unguja bila ya onyo lolote la kitaalamu. Kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, kikazamisha vyombo vilivyotia nanga mbele ya Mji Mkongwe. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ndiyo ikaongoza kwa zao la karafuu. Upepo wa siku moja uligeuza uchumi wa visiwa viwili.

Leo tunayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Hata hivyo, Aprili 2021 kimbunga Jobo, kilichotangazwa kuwa kinaelekea pwani yetu, kilidhoofika kabla ya kufika. Je, wataalamu walisema uongo? Hata kidogo. Kimbunga hupata nguvu zake katika joto na unyevu wa bahari. Kikikutana na hewa kavu au pepo za juu zinazokinzana, hunyong'onyea upesi. Tena vipimo vya baharini ni vichache, na kosa dogo la leo hukua kila siku inayoongezeka.

Kwa sababu hiyo tangazo la Mamlaka hubeba vipimo viwili: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Wengi wetu husoma kimoja tu. Uwezekano wa wastani wa mvua juu ya nguo zilizoanikwa si sawa na uwezekano huo huo wa mawimbi makubwa juu ya mashua ya Nungwi. Nguo zitakauka kesho. Mvuvi aliyezama harudi.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokaribia, safari za boti kati ya Unguja na Dar es Salaam zilisitishwa. Tarehe 4 kikapiga Mafia. Unguja haikupata dhoruba ya kiasi kile, lakini uamuzi ule ulikuwa sahihi, kwani uamuzi hupimwa kwa habari zilizokuwapo ulipofanywa.

Ndugu zangu, ofisa anayefuta neno "uwezekano" ili tangazo lionekane la mkato, huwanyima wananchi haki ya kuamua. Na tufani isipokuja, huwa amewafundisha kudharau onyo linalofuata. Tuwaeleze shaka iliyomo bila ya kuificha. Mwalimu Mkuu ajue mapema ni nani ataamua kuwarudisha watoto majumbani. Sheha ahakikishe habari inawafikia wavuvi walioko dago kabla hawajang'oa nanga.