Moto Uzimikapo, Gesi Nayo Ifungike: Mazungumzo Kuhusu Vali za Usalama katika Majiko ya Gesi

(Haya ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya maafisa manunuzi, watunza ghala na wapishi wakuu wa taasisi za Serikali. Yanachapishwa hapa ili yawafikie watumishi na wananchi wote.)



Naomba nieleze kwanza sababu ya mazungumzo haya. Majiko ya taasisi zetu, yakiwemo ya dakhalia za skuli, hospitali na vyuo, yamo katika safari ya kuacha kuni na makaa na kuingia katika gesi. Kwa upande wa Tanzania Bara, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwezi wa Mei 2024 umeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi. Sisi wa Visiwani tunahusika na safari hiyo moja kwa moja, kwa sababu sehemu ya makaa yanayouzwa katika masoko yetu huvuka bahari kutoka Bara.

Mtu apitaye barabara ya Chalinze kwenda Segera, ndani ya Wilaya ya Handeni, huyaona magunia ya makaa yamepangwa kando ya njia, yakisubiri wanunuzi. Kila gunia ni miti iliyokatwa katika ardhi ambayo mvua zake si za kutegemewa. Hapana haja ya kurefusha maneno juu ya hasara hiyo, kwani imekwishaelezwa mara nyingi. Ninalotaka kulisema leo ni jambo jengine, nalo halijaelezwa vya kutosha: ya kwamba moto wa makaa na moto wa gesi hautofautiani katika moshi tu, bali unatofautiana katika namna unavyozimika.

Jiko la makaa lina madhara yake, hasa ndani ya chumba kilichofungwa, ambamo hewa yake yenye sumu yaweza kuua. Lakini makaa yakimwagikiwa na maji ya chungu na kuzimika, hasara kubwa ni wali usioiva. Gesi sivyo. Mwali wa gesi ukizimika bila ya koki kufungwa, gesi huendelea kutoka kimya kimya. Kwa hivyo, moto wa makaa ukizimika kazi imekwisha, na moto wa gesi ukizimika hatari ndiyo kwanza inaanza.

Ndugu zangu, inafaa tuielewe tabia ya gesi hii. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, iliyogandamizwa mpaka ikawa maji. Lita moja ya maji hayo ikifunguliwa huwa takribani lita 250 za gesi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo haipandi juu na kutoka dirishani, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya pembeni, chini ya meza na ndani ya mifereji. Yatosha kiasi cha sehemu mbili tu katika mia ya hewa kuwa gesi, na cheche moja ya kiberiti au ya swichi ya taa italipua.

Tupige hesabu ndogo. Kichomeo kikubwa cha jiko la taasisi, kile kinachobeba sufuria ya kupikia wanafunzi mia kadhaa, chaweza kutumia kiasi cha kilo moja ya gesi kwa saa. Kilo hiyo moja, ikienea bila ya kuungua, yatosha kukitia hatarini chumba cha mita 3 kwa mita 3 chenye kimo cha kawaida. Na kwa kuwa gesi hukaa chini, hatari huwadia kabla ya saa hiyo kutimia. Kiungo cha harufu kali kinachotiwa katika gesi hutusaidia kuihisi, lakini pua ya mpishi aliyezungukwa na vitunguu, samaki na viungo si mlinzi wa kutegemewa peke yake.

Hapo ndipo inapoingia vali inayojifunga yenyewe. Mafundi huijua kwa kifaa chake kiitwacho thamokapo. Ukilichungulia jiko lililo nayo, utaona kando ya kichomeo kijiti kidogo cha chuma kilichosimama karibu na mwali. Kijiti hicho kimeundwa kwa metali mbili za aina mbali mbali zilizounganishwa nchani. Mwaka 1821 mtaalamu Thomas Seebeck aligundua kwamba metali mbili za namna hiyo, zikitiwa joto pale zilipoungana, huleta nguvu ya umeme. Umeme huo ni mdogo mno, hauwezi hata kuwasha taa ya tochi, lakini unatosha kuipa nguvu sumaku ndogo iliyo ndani ya koki.

Utendaji wake ni huu. Ndani ya vali mna springi ambayo wakati wote inataka kuifunga njia ya gesi. Mpishi anapowasha jiko, hubonyeza kitufe na kukishikilia kwa sekunde kadhaa, na kwa mkono wake huishinda springi. Mwali ukishakitia joto kile kijiti, sumaku hupata nguvu na kuishikilia vali ibaki wazi, na mpishi huachia kitufe. Tangu hapo ni mwali wenyewe unaoilinda njia ya gesi. Ukizimwa na upepo au na mchuzi uliofurika, kijiti hupoa, umeme hukatika, sumaku hulegea, na springi huifunga njia. Aghalabu jambo hilo huchukua chini ya dakika moja. Aidha, kifaa hiki hakihitaji umeme wa ukutani, na kwa hivyo kukatika kwa umeme hakukiathiri.

Inafaa ieleweke kwamba vali za kujiendesha si jambo geni kwetu. Regulata inayofungwa juu ya mtungi ni mojawapo. Ndani yake mna utando wa mpira unaopanda na kushuka, ukipunguza mgandamizo mkubwa wa mtungi na kuuweka katika kiasi kidogo kisichobadilika, takribani milibari 30 kwa majiko ya nyumbani. Joko la kuokea mikate nalo huwa na thamostati, ambayo hupunguza gesi joto linapofikia kiwango kilichowekwa. Lakini vifaa hivi viwili vina kazi nyengine. Regulata haijui kama moto unawaka au umezimika. Kwa hivyo mtu asidanganyike akadhani kwamba kwa kuwa ana regulata nzuri, basi amekwishajikinga.

Hali kadhalika, gesi si ya mitungi peke yake, na hapa naomba tutoke Handeni twende kwa jirani yake, Korogwe. Huko, katika shamba la mkonge la Hale, mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo wa kampuni ya Katani wa kugeuza mabaki ya mkonge kuwa gesi, na gesi kuwa umeme, wenye uwezo wa kilowati 150. Katika uzito wa jani la mkonge, nyuzi ni kati ya asilimia 3 na 5 tu, na yaliyobaki kwa miaka mingi yalikuwa ni takataka za kutupwa. Jambo hilo ni la kujivunia, na limewafungua macho wengi kwamba samadi na mabaki ya mashamba ni hazina.

Lakini gesi ya samadi na ya mkonge ina masharti yake. Sehemu yake kubwa ni methani, iliyochanganyika na hewa ya ukaa, na hutoka kwa mgandamizo mdogo kuliko ule wa jiko la mtungi. Jiko lililotengenezwa kwa gesi ya mtungi halifai kuunganishwa nayo hivi hivi. Tundu la kupitishia gesi lazima liwe kubwa zaidi. Tena gesi hiyo huwa na salfidi ya hidrojeni, yenye harufu ya yai viza, ambayo hula shaba na kuzitia kutu sehemu za ndani za vali. Vali iliyoliwa na kutu yaweza kukwama ikiwa wazi. Kwa hivyo taasisi yenye mtambo wa samadi inahitaji kichujio cha kuondoa hewa hiyo, na inahitaji kukagua vali zake mara nyingi kuliko mwenye mtungi.

Ndugu maafisa manunuzi, sasa nasema nanyi hasa. Nyaraka za zabuni za majiko ya taasisi aghalabu hutaja idadi ya vichomeo, ukubwa wa sufuria na aina ya chuma. Ni mara chache kutajwa vali ya usalama ya mwali. Matokeo yake, mwenye bei ya chini hushinda, na jiko linaloletwa ni bomba, koki na kichomeo tu. Tofauti ya bei huonekana siku ya kufungua bahasha, lakini hatari yake humwangukia mpishi, ambaye hakuwemo katika kikao.

Wapo wanaosema kwamba mpishi hodari hahitaji kifaa. Hoja hiyo ina heshima ndani yake, lakini haikidhi. Mpishi wa dakhalia husimamia sufuria tatu au nne kwa wakati mmoja. Majiko mengi ya taasisi yetu yamejengwa wazi ili yapitishe hewa, na pepo za kusi zinapovuma huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Sufuria kubwa huficha mwali usionekane. Mtu aliyegeuka kupepeta mchele hawezi kulaumiwa kwa kutoona moto uliozimika nyuma ya chuma. Tunamtaka awe hodari, nasi tumpe chombo kinachomlinda pale macho yake yasipofika.

Kwa upande mwengine, lazima tuseme kweli kuhusu mipaka ya kifaa hiki. Vali hii hukaa ndani ya koki ya jiko. Haiwezi kuzuia gesi inayovuja kabla ya kufika hapo, yaani kwenye mpira uliopasuka, kwenye kifungo kilicholegea au kwenye mtungi wenyewe. Aidha, majiko madogo yanayofungwa juu ya mtungi wa kilo 6, ambayo yameenea mijini na vijijini, aghalabu hayana vali hiyo kabisa. Mwenye jiko la namna hiyo asiliache likiwaka peke yake, hata kwa muda wa kwenda dukani na kurudi.

Kwa hivyo, watumishi na wananchi wanaombwa kuzingatia haya yafuatayo:

1. Kila zabuni ya jiko la gesi la taasisi itaje waziwazi kwamba kila kichomeo kiwe na vali inayojifunga mwali ukizimika, na jiko likaguliwe kwa jambo hilo kabla ya kupokelewa ghalani.

2. Vali ipimwe mara kwa mara. Liache jiko liwake kwa dakika chache, kisha lifunge kwa koki na utege sikio. Katika majiko mengi utasikia mlio mdogo wa "tik" kijiti kinapopoa. Usipousikia, mwite fundi.

3. Ni marufuku kukifunga kitufe kwa waya au kukizuia kwa kijiti ili kisihitaji kushikiliwa. Kitufe kinachokataa kubaki ni dalili kwamba thamokapo imechafuka, imelegea au imeungua. Dawa yake ni kusafishwa au kubadilishwa, na mara nyingi kipuri hicho ni cha bei nafuu kuliko mtungi mmoja wa gesi.

4. Mipira na vifungo vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe visipimwe kwa kiberiti. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja.

5. Mitungi ya taasisi iwekwe nje, mahali penye kivuli na hewa, na koki kuu ifungwe kila kazi inapokwisha.

6. Harufu ya gesi ikisikika, msiwashe wala msizime swichi yoyote. Fungeni koki ya mtungi iwapo inafikika kwa salama, fungueni milango na madirisha, tokeni nje, kisha waiteni Zimamoto mkiwa mbali na jengo.

Ndugu zangu, wahenga wamesema kwamba tahadhari kabla ya hatari. Tumehimizwa tuiache miti ya Handeni isimame, na wito huo ni wa haki. Lakini haitakuwa haki kumwondoa mpishi katika moshi na kumweka mbele ya gesi isiyo na mlinzi. Jiko lililo salama ni sehemu ya nishati safi, na neno moja likiongezwa katika waraka wa zabuni laweza kuwa ndilo lililookoa jengo zima na waliomo ndani yake.

Maafisa wa kila Idara wanaombwa wayakague majiko waliyonayo, waandike yale yasiyo na vali, na wawasilishe orodha hizo kwa wakuu wao ili matengenezo yaingizwe katika makadirio ya matumizi yajayo.