Pampu ya Usukani Inapovuja: Itengenezwe Nyumbani au Ibadilishwe?

Haya ni maelezo yaliyotolewa na fundi wa karakana ya Halmashauri mbele ya madereva, wamiliki wa magari na vijana wanaojifunza ufundi. Tunayachapisha kwa manufaa ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Nimepewa mada ndogo kwa jina lakini nzito kwa matokeo yake. Katika wilaya yetu gari si pambo. Ndilo linalomfikisha mama mjamzito hospitalini usiku, ndilo linalopeleka mazao sokoni na watoto shuleni. Magari mengi tuliyo nayo yalitumika Japani kwa miaka mingi kabla ya kuvuka bahari, na raba zilizomo ndani yake zimezeeka pamoja nayo. Kwa hiyo tone jekundu la mafuta chini ya injini limekuwa jambo la kawaida mno, hata watu wameacha kuliogopa. Wengine huongeza mafuta kila asubuhi na kuondoka. Wengine huambiwa papo hapo kwamba pampu imekufa, wakanunua nyingine iliyotumika, ambayo raba zake zina umri uleule, na baada ya miezi michache tone hurudi palepale.

Ninalotaka kuwaeleza leo ni hili: pampu inayovuja mara nyingi haijafa, kilichokufa ni raba yenye bei ndogo. Mtu makini, mwenye vifaa vya kawaida, aweza kuibadilisha nyumbani kwake. Lakini pampu hiyohiyo, ikishafunguliwa, ndiyo itakayomwambia kama inastahili kutengenezwa au la, na jibu lake sharti liheshimiwe.

Jinsi pampu inavyofanya kazi

Usukani unaosaidiwa na mafuta si jambo geni. Kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kuuza gari dogo lenye usukani wa namna hiyo mwaka 1951, na mpango wake wa msingi haujabadilika sana. Mkanda wa injini huzungusha puli. Puli huzungusha shafti. Shafti huzungusha gurudumu dogo la chuma lenye mipasuo. Ndani ya kila mpasuo mna kibapa chembamba kinachoteleza kutoka na kuingia. Gurudumu hilo limezungukwa na pete ya chuma ambayo tundu lake lina umbo la yai. Vibapa vinapozunguka hutoka penye nafasi pana, vikavuta mafuta, kisha husukumwa ndani penye nafasi finyu, vikayabana mafuta na kuyapeleka kwenye usukani. Ndani ya pampu mna pia vali inayopunguza mafuta injini inapokwenda kasi, na kuyapa njia ya kurudi msukumo unapozidi kiasi.

Nimeyaeleza haya kwa sababu moja. Vyuma hivi hukaribiana mno, na chembe ya mchanga yatosha kuvikwaruza. Anayefungua pampu barazani kwenye vumbi, upepo ukivuma, ameiharibu kabla hajaitengeneza.

Kwanza hakikisha mvujo unatoka wapi

Kabla ya kushika spana, osha eneo la pampu, likaushe, kisha washa injini. Mwombe mwenzako azungushe usukani polepole huku na huku, nawe umulike kwa tochi bila kusogeza mikono wala nguo karibu na mkanda. Mafuta yakijitokeza nyuma ya puli, sili ya shafti imechoka. Yakitoka penye maungio ya mwili wa pampu, ni oringi. Yakitoka penye mpira unaorudisha mafuta, huenda ikatosha kubadilisha kibanio au kukata ncha ya mpira iliyopasuka. Yakiwa meusi na yanatiririka kutoka juu, basi ni mafuta ya injini, na pampu inasingiziwa. Na raba za mikunjo kwenye ncha za reki ya usukani zikiwa zimejaa mafuta, ugonjwa uko kwenye reki, wala pampu haina hatia.

Sikiliza pia. Usukani ukilia na mafuta yakitoa povu ndani ya kopo, pampu inavuta hewa, na mara nyingi hewa hiyo hupenya kwenye mpira unaoleta mafuta kutoka kwenye kopo. Mpira wenye ufa mdogo waweza kuingiza hewa bila kudondosha tone hata moja.

Kufungua

Subiri injini ipoe, kisha ondoa waya hasi wa betri. Vuta mafuta yaliyomo kwenye kopo. Ikiwa puli imefungwa kwa nati, ilegeze nati hiyo kabla ya kutoa mkanda, kwa maana mkanda ukibanwa kwa mkono hulizuia puli lisizunguke. Puli iliyoshindiliwa bila nati hutolewa kwa pula maalumu; usiigonge kwa nyundo, itapinda. Funika alteneta kwa mfuko wa plastiki, kwa sababu mara nyingi hukaa chini ya pampu na mafuta huiharibu. Fungua mabomba, yazibe midomo kwa kitambaa safi, kisha toa pampu.

Ioshe nje kwa mafuta ya taa na brashi, mbali na moto, hata isibaki hata punje ya tope. Ndipo uipeleke ndani ya nyumba, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe kisicho na nyuzi. Vaa miwani, kwani ndani mna pete za chuma na springi zinazoweza kuruka. Chora mstari unaopita katika vipande viwili vya mwili wa pampu ili virudi vilivyokuwa. Piga picha kwa simu kila unapotoa kitu. Angalia upande wa pete ya umbo la yai ulioelekea mbele, na upande wa gurudumu. Angalia hasa vibapa: ukingo mmoja wa kila kibapa ni wa mviringo, na huo ndio unaotazama nje, kwenye pete. Kikigeuzwa kimoja tu, pete itachimbika.

Hapa ndipo pa kuamua

Pitisha ukucha kwenye shafti, mahali ambapo sili huigusa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya haitadumu. Tikisa shafti ndani ya beringi. Ikicheza juu na chini, ni beringi iliyoiua sili ya zamani, nayo itaiua mpya pia. Tazama uso wa ndani wa pete na mabamba yanayogusana na gurudumu. Mng'aro laini ni wa kawaida. Mikwaruzo inayoshikika kwa ukucha si ya kawaida. Tazama pia mafuta uliyoyatoa: yakiwa na unga unaometa, chuma kinajila chenyewe. Ipake vali mafuta safi na uiachie kwenye tundu lake. Yapasa ishuke yenyewe kwa uzito wake, bila kusukumwa.

Zikionekana dalili hizo za chuma kuchoka, koma hapo. Nunua pampu nzima, au umpelekee fundi mwenye mashine ya kukereza vyuma akuambie kama yafaa kuokolewa. Kukoma si kushindwa. Fundi hujulikana pia kwa kazi alizokataa kuzifunga.

Kufunga upya

Ikiwa vyuma ni vizima, toa sili ya zamani kwa bisibisi iliyofungwa utepe, usije ukakwaruza kiota chake. Nenda nayo dukani, mlinganishe na mpya kipenyo cha nje, kipenyo cha ndani na unene. Nunua kifurushi kamili cha sili na oringi za pampu yako, za raba inayostahimili mafuta na joto. Oringi iliyochongwa kwa tyubu ya baiskeli haistahimili. Wala usipake gundi ya silikoni ndani ya pampu, kwa maana kipande chake hukatika, kikaenda kuziba vali.

Mdomo wa sili wenye kispringi huelekea ndani, upande wa mafuta. Upake mafuta, ifunge ncha ya shafti kwa utepe mwembamba ili nyuzi za chuma zisiukate, kisha ishindilie sili kwa soketi yenye upana unaolingana nayo, ikae sawa pande zote. Rudisha kila kitu kwa kufuata picha zako, kila kipande kikiwa kimelowa mafuta mapya. Kabla ya kurudisha pampu kwenye gari, izungushe kwa mkono. Ikikwama au ikikwaruza, ifungue tena.

Tumia mafuta yaliyotajwa na mtengenezaji. Magari mengi ya Toyota yenye pampu hutumia mafuta ya giaboksi ya otomatiki, yaani ATF. Honda ina mafuta yake mahususi, na haifai kuyachanganya. Nyanyua magurudumu ya mbele kwa jeki, uliegemeze gari kwenye stendi imara na uweke vizuizi nyuma ya matairi. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho mara kadhaa huku ukiongeza mafuta. Kisha washa injini na urudie, bila kuushikilia usukani mwishoni kwa zaidi ya sekunde chache, kwani hapo msukumo na joto hupanda upesi. Povu likiisha na kelele ikatulia, hewa imetoka. Kagua tena kesho yake, na baada ya wiki moja.

Mambo matatu ya kuzingatia

La kwanza ni usalama. Usukani huu ukikosa mafuta haukatiki, lakini huwa mzito ghafla, na ghafla hiyo ikimkuta dereva kwenye kona ya mlima, huenda asiwahi kuigeuza. Mafuta yakidondokea mkanda, huuteleza. Yakidondokea bomba la moshi lenye moto, huweza kuwaka. Wapo wanaotoa mkanda wa pampu ili waendelee na safari. Katika baadhi ya magari mkanda huohuo huendesha pampu ya maji au alteneta, na safari hiyo huishia kwenye injini iliyochemka. Dawa za kuziba mvujo zinazomiminwa kwenye kopo huivimbisha raba kwa muda tu. Hazirudishi raba iliyokatika wala chuma kilicholika.

La pili: gari linalobeba abiria au wagonjwa lisirudi barabarani kwa neno la aliyelitengeneza peke yake. Mtu wa pili mwenye ujuzi alikague kwanza.

La tatu linatuhusu sote, hata wasio na gari. Mafuta machafu ni taka hatarishi. Yasimwagwe mtaroni, wala shambani, wala barabarani kwa kisingizio cha kutuliza vumbi, kwa maana mvua huyapeleka kwenye visima tunavyochota. Yawekwe kwenye dumu lenye mfuniko, yasichanganywe na petroli, na Afisa Afya wa kata aulizwe mahali pa kuyapeleka.

Kwenu vijana, nina neno moja la mwisho. Mteja akileta pampu inayovuja, msimwambie imekufa kabla ya kuifungua, wala msimwambie imepona kabla ya kuiona shafti. Mwonyesheni sili ya zamani, mwacheni apitishe ukucha wake mwenyewe kwenye chuma, aamue akiwa anajua anachokilipia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza kwamba kabla ya kuuziba, lazima uujue ufa wenyewe uko wapi.