Nyumba Kuukuu ya Ghorofa: Tuanze na Ukuta Anakolala Mtoto

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wazazi wapangaji katika ukumbi wa parokia)

Tumeombwa tuzungumze juu ya kurekebisha na kupamba nyumba za zamani za ghorofa hapa Nairobi. Tumekubali kwa sababu makosa tutakayoyataja tumeyafanya wenyewe, tena kwa pesa zetu.

Sisi tunaishi Ngara, katika jengo la kabla ya Uhuru. Mnajua mitaa ile. Ngara na Pangani zina nyumba nyingi zilizojengewa familia za Wahindi, wakati mji ulipokuwa umegawanywa kwa rangi za watu. Kuta ni nene, dari iko juu, na juu ya kila dirisha kuna matundu ya hewa. Ni nyumba nzuri kwa watu wenye watoto. Lakini ni kuukuu. Mabomba yameliwa na kutu, nyaya za umeme zimechoka, na rangi imepakwa juu ya rangi nyingine mpaka inabanduka kama maganda ya kitunguu.

Tulipohamia tulikuwa tumepokea zamu yetu ya chama. Pesa tulizipeleka wapi? Sebuleni. Tulitaka mgeni akiingia aseme, "Hapa kuna watu." Tukanunua zulia, mapazia marefu, na kabati la kuweka televisheni na vile vikombe ambavyo watoto hawaruhusiwi kugusa. Fundi akaziba yale matundu ya hewa, eti yanaharibu sura ya ukuta. Chumba cha watoto kilikuwa na doa la unyevu. Tukalipaka rangi ya mafuta ili lisionekane.

Mvua ndefu zilipokuja, rangi ikafura malengelenge. Ukungu mweusi ukatoka kando ya kitanda, na kifungua mimba wetu akaanza kukohoa usiku. Tulimpeleka zahanati mara tatu. Mara ya tatu muuguzi hakutaja dawa kwanza. Alituuliza, "Mama, huyu mtoto analala wapi?" Jamani, tuliona haya kujibu.

Basi tukaanza upya. Fundi mwingine, mzee mtaratibu, alitufundisha jambo ambalo kila mmoja wenu anaweza kulifanya leo jioni. Chukua kipande cha nailoni safi, kikubwa kama daftari, ukibandike juu ya doa kwa gundi ya utepe pande zote nne. Ngoja siku mbili. Matone yakikaa upande wa chumbani, maji hayo ni mvuke wenu wenyewe wa kupika, kufua na kupumua, na dawa yake ni hewa. Yakikaa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ndani ya ukuta. Kwetu yalikuwa nyuma. Bomba la bafu la jirani wa juu lilikuwa linavuja pole pole, pengine kwa miaka. Na kumbe zulia letu lilikuwa limegharimu zaidi ya kazi yote ya lile bomba!

Bomba likishatengenezwa, usikimbilie brashi. Ukuta mnene hukauka polepole. Sisi tulibandua plasta iliyooza, tukangoja wiki nyingi, watoto wakalala sebuleni juu ya lile zulia la wageni. Halafu tukapaka chokaa. Wengine walitucheka kwamba chokaa ni ya mashambani. Lakini ukuta wa zamani unahitaji kupumua, na chokaa huuruhusu unyevu uliobaki utoke, wakati rangi ya mafuta huufungia ndani. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, lazima ile ya zamani iondolewe kwanza. Pia huunguza macho na ngozi, kwa hivyo anayeipaka avae miwani na glovu, na watoto wasiikaribie ndoo.

Hapa kwenye kuondoa rangi tukae kidogo. Rangi za zamani, hasa za mafuta zilizopakwa milangoni na madirishani, mara nyingi zilichanganywa na risasi. Vumbi lake likiingia tumboni mwa mtoto huharibu ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto anayetambaa hupeleka mkono sakafuni, kisha mdomoni. Kwa hiyo msikwangue rangi ikiwa kavu, wala msiichome kwa moto. Ilowesheni maji, ikwangueni pole pole, kusanyeni maganda ndani ya karatasi ya nailoni, na sakafu ipigwe deki, isifagiliwe. Watoto na mama mjamzito walale kwa jamaa siku hizo. Na paa au dari ikiwa ya asbesto, msitoboe wala msikate. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, lakini majengo mengi bado yanayo.

Yale matundu ya hewa tuliyazibua. Tunawasihi sana juu ya hili, maana tumeingia nyumba nyingi tukayakuta yamejazwa magazeti na matambara kwa sababu ya baridi ya Julai. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Familia hulala, na asubuhi hawaamki.

Umeme ni wa fundi mwenye leseni, hatutasema mengi. Waya wa zamani uliovikwa mpira hukauka na kupasuka, na soketi moja haiwezi kubeba pasi, friji na hita pamoja. Grili ya dirishani huzuia mtoto asianguke, lakini moja iwe na mlango na ufunguo uning'inie karibu, ili moto ukitokea mpate pa kutokea.

Mapambo je? Yapo, tena sasa tunayafurahia zaidi. Chumba cha watoto ukuta ukishakauka kabisa, unaweza kuweka mkanda wa rangi ya kupangusika mpaka kimo cha bega la mtoto, kwa ajili ya mikono yenye uji, na juu ukaacha nyeupe. Wavulana na wasichana tuliwatenganisha kwa kabati na pazia la leso, si kwa ukuta wa matofali, maana sakafu ya ghorofa haijui mzigo wa ziada unaouongeza. Kabati la vikombe tuliliuza. Mahali pake pana meza ya kufanyia homuwaki, chini ya dirisha. Baba watoto alinung'unika wiki mbili hivi, sasa yeye ndiye hukaa hapo na gazeti lake.

Jambo la mwisho ni mwenye nyumba. Familia moja tunayoifahamu ilitengeneza choo, ikapaka rangi vyumba vyote, na baada ya miezi sita kodi ikapandishwa kwa sababu "nyumba sasa ni nzuri." Hawakuwa na karatasi hata moja. Kabla ya kununua msumari, andikeni barua, mtaje kazi na gharama, mkubaliane kwa maandishi kama pesa zitakatwa kwenye kodi, na mtunze risiti. Wasiojua kuandika barua ya namna hiyo waje ofisini Jumanne au Alhamisi asubuhi, tutaiandika pamoja. Njooni na risiti za kodi, na mkiweza, kile kipande cha nailoni.