Mwalimu Alipwe, na Mwalimu Afundishe
Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na wafanyakazi, siku ya mkutano juu ya masomo ya watoto

Hatukuwaita kupiga makofi. Tumewaita kwa sababu watoto wetu wanaenda masomoni kila siku na daftari mkononi, na wengi wanafika mwaka wa tano bila kuweza kusoma ukurasa mmoja.

Kila mtu analaumu mwenzake. Mzazi asema mwalimu ni mvivu. Mwalimu asema serikali hailipi. Serikali yasema wako wezi katika maofisi. Wote watatu wamesema kweli, lakini mtoto hajui kusoma bado.

Tutazame kwanza jambo hili lilipotoka. Zamani za Wabelgiji, masomo ya watoto weusi yalikuwa mikononi mwa misioni. Huku Katanga, Union Minière ilijenga masomo katika kambi zake, wamisionari wakafundisha. Mwalimu alichungwa sana, hilo hatulikatai. Akichelewa, padri anajua. Akilewa, anafukuzwa. Lakini alijibu kwa nani? Kwa padri na kwa kampani. Baba wa mtoto hakuulizwa neno. Na kampani ilitaka mtu wa kusoma namba za mashine, haikutaka mtu wa kuuliza shaba inauzwa bei gani. Mwaka wa 1954 waziri Buisseret alifungua masomo ya serikali kando ya misioni, lakini ilikuwa saa ya mwisho: mwaka wa 1960 tulipopata uhuru, Wakongomani waliomaliza universite hawakufika 30.

Mwisho wa mwaka wa 1974 Mobutu aliyanyang'anya makanisa masomo yao. Mwaka wa 1977 akayarudisha kwa mapatano: kanisa liongoze, serikali ilipe. Tangu hapo mwalimu ana mabwana wawili, na ukimwuliza jambo atakutuma kwa yule ambaye hayupo.

Kisha mshahara ukafa. Katika mwaka wa masomo wa 1992, baada ya mgomo mrefu, wazazi walipatana na maaskofu kumwongezea mwalimu feza zao wenyewe. Ikaitwa prime. Ilisemwa ni ya kitambo kidogo. Ikadumu zaidi ya miaka 25. Ninyi mliokuwa Gécamines mnakumbuka wakati huo. Kampani iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 ilianguka, na mwaka wa 2003 zaidi ya watu 10,000 walitolewa kazini. Ndipo mama wauza mkate na samaki walipoanza kumlipa mwalimu. Bila mama hao milango ya masomo ingefungwa kabisa, na hakuna mkubwa aliyewahi kuwashukuru.

Lakini prime iliharibu kitu. Mwalimu hakuuliza tena ni mtoto gani hajui hesabu. Aliuliza ni nani hajalipa, na huyo akarudishwa nyumbani. Wala feza haikubaki darasani. Sehemu ilibaki kwa direkta, sehemu ilipanda biro, na kutoka biro ikapanda tena. Basi mkaguzi akija, alikula katika sahani ya yule aliyekuja kumkagua. Angemwandika vibaya namna gani?

Katiba ya mwaka wa 2006, kifungu cha 43, yasema masomo ya chini katika nyumba za serikali ni ya lazima na ni bure. Mwaka wa 2010 serikali ikaanza kidogo kidogo, lakini Kinshasa na Lubumbashi zikaachwa nje, kana kwamba kila mtu wa mjini ana mfuko mzito. Mwezi wa Septemba 2019 neno hilo likafanywa katika nchi yote. Watoto wakamiminika, madarasa mengine yakapita watoto 100, wengine wakakaa chini. Na walimu wengi hawakuwa katika listi ya serikali: prime imekwisha, mshahara haujafika. Mtu huyu utamwambia nini?

Na listi yenyewe! Waliokagua hesabu waliona majina ya walimu wasiokuwako na masomo yasiyokuwako. Mwaka wa 2021 tribinali ya Kinshasa iliwahukumu wakubwa wawili, wa ukaguzi na wa malipo ya walimu, kwa wizi wa feza za serikali. Kumbe mwalimu hewa hupokea kila mwezi, na mwalimu wa kweli hukopa unga.

Sasa wengine kati yenu mnasema: mwalimu ahesabiwe kwa watoto wanaoshinda mtihani, wakianguka, afukuzwe. Sisi hatukubali. Mkimfanyia hivyo, atawaondoa watoto dhaifu kabla ya mtihani, au ataandika majibu ubaoni. Tunajua haya yanafanyika. Na mwenye watoto 100 hawezi kupimwa kama mwenye 40.

Lakini hatukubali tena kwamba mshahara mdogo ni ruhusa ya kutokuja kazini. Mchimbaji naye analipwa kidogo, lakini akikosa zamu jina lake linaonekana siku ile ile. Mwalimu akikosa siku tatu, ni nani anayeandika? Direkta, ambaye pengine naye hakuja.

Kwa hiyo tunataka listi ya malipo ya kila nyumba ya masomo itundikwe mlangoni, jina kwa jina, ili tujue ni nani analipwa na yuko darasa gani. Mwalimu anayefundisha bila kulipwa tumjue vilevile, tukamdaie bironi sisi wenyewe pamoja na sendika yake. Komiti ya wazazi ichaguliwe na wazazi, isichaguliwe na direkta kati ya rafiki zake. Kila asubuhi wazazi wawili wasimame mlangoni waandike nani amefika. Wasiingie darasani wala wasimtukane mwalimu mbele ya watoto, waandike tu. Mwisho wa mwezi karatasi mbili ziwekwe pamoja, ya malipo na ya mlangoni, zisomwe kwa sauti.

Na feza zinazorudi kwa jina jipya, za chaki, za ulinzi, za karatasi ya mtihani, mzazi asitoe bila risiti. Mkipewa risiti, ileteni hapa.

Mama mmoja ametuuliza kama mtoto wake atachukiwa akisimama mlangoni. Inawezekana. Ndiyo maana hatutaki asimame peke yake, na ndiyo maana walio katika zamu ya usiku tunawaomba zaidi: asubuhi mnapotoka kazini mnapita mbele ya mlango huo huo. Daftari liko mezani hapa. Kwa juma la kwanza tunahitaji majina 12.